Turubai Alilolikata Fakihi

Mume wangu Fakihi ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kama anayeng'olewa jino. Alizaliwa hapa kisiwani Kudha, akashona matanga tangu ujana, na mashua zilipotiwa mashine akabaki na sindano zake na ukaidi wake. Siku hizi hupinda maturubai na kutia magunia viraka. Watu humwita fundi. Mimi nikikasirika namwita mengine.

Mwaka jana mama yangu, Bi Twahira, alirudi kutoka Mombasa. Tulikimbia naye vita mwaka wa tisini na moja, nikiwa na miaka kumi, tukawekwa kambini Kenya. Ndugu yangu mdogo, Mzamil, alikufa kwa homa ndani ya hema letu. Mimi nilirudi nikaolewa, mama akabaki kule miaka na miaka. Sasa alitaka kumalizia umri wake kwao. Chumba chetu kina joto la kuua, basi tukamwekea kitanda uani, na juu yake tukafunga turubai jipya la buluu nililolinunua Kismayu kwa kujinyima.

Upepo wa kusi ukaanza. Turubai nalo likaanza kupiga, pa, pa, pa, mchana kutwa, na kila likipiga mama anashtuka. Tukilishusha, jua linamchoma. Hakula vizuri, hakupata usingizi wa adhuhuri. Siku ya nne akaniambia, "Mwanangu, mwambie Badi aniwekee nafasi kwenye mashua yake Alhamisi. Narudi Mombasa. Kichu hiki kikipiga chanirudisha kambini."

Nilikuwa nimemngoja mama yangu miaka mingapi? Fakihi alisikia yote, akaendelea kunywa chai yake. Nilitamani kummwagia.

Jumatano asubuhi nikamkuta amelifungua turubai na kulipigilia ukutani, msumari mmoja kila pembe ya juu. Kwenye misumari ile ile akatundika mnyororo mwembamba wa nanga, akauacha uning'inie wenyewe. Katikati ulishuka shibiri mbili chini ya ukingo. Akaufuatisha kwa kipande cha mkaa, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. Kisha akashika mkasi.

"Wewe una wazimu!" nikapiga kelele. "Turubai langu jipya!"

"Mama Rawda, niwache."

"Nikuache ulikate? Mchu mzima, hata haya huna!"

Akakata. Akaligeuza, akakata upande wa pili, wa tatu, wa nne. Vipande vya buluu vilianguka miguuni kwake na mimi nikawa nahesabu kivuli kinavyopungua. Ndipo akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. "Ukingo ulionyooka hulegea kati hata uuvute vipi. Palipolegea ndipo upepo hupiga. Ukiwa na mbonyeo huu, ukivuta pembe ukingo wote wakaza."

Nilikuwa bado na hasira, na ukweli ni kwamba sikumwamini.

Akakaa chini kushona pindo, kamba ndani yake, mpaka vidole vikaanza kutoka damu. Mama alimtazama tu kutoka kivulini mwa ukuta, furushi la nguo zake limeshafungwa. Baada ya adhuhuri Fakihi alifunga pembe nne kwenye nguzo, akavuta hadi turubai likakosa mkunjo hata mmoja. Lilikuwa dogo, limebonyea kila upande. Nikamwambia linafanana na shati lililoingia maji ya moto.

Mama akajilaza kitandani, uso umekunjamana, anangoja. Upepo ukaja. Nguo kwenye kamba zikanyooka, kuku wakakimbilia jikoni. Turubai likatetemeka kidogo, likanyamaza.

"Upepo umesita?" mama akauliza.

"Haujasita, mama," Fakihi akamjibu. "Tazama nguo."

Akazitazama. Akalitazama turubai.

"Mzamil alikuwa akishtuka kila turubai la hema likipiga," akasema. "Nilimziba masikio kwa mikono yangu. Siku ya mwisho niliendelea kumziba, sikujua kwamba keshakwenda."

Zaidi ya miaka thelathini sikuwahi kumsikia akilitaja jina lile. Fakihi alichuchumaa kando ya kitanda, akamshika mkono mama mkwe wake. Mimi nililia pale pale, sikujificha.

Mama alijigeuza ubavu, akafumba macho. "Fakihi, mwanangu," akasema, sauti imeshaingia usingizi, "mwambie Badi asiningoje."