Kanisa la Kwenye Kalenda

Enzi zetu pale Likasi, magoti ya baba hayakuwa mali yake peke yake. Nyumba ilikuwa ya kampuni, shule ya kampuni, hata unga wa bukari, ugali wetu, ulitoka kampuni. Baba akishindwa kupanda ngazi za kiwandani, sote tungefunga mizigo kurudi Kasai, kwa ndugu tusiowajua. Na magoti yalikuwa yameanza kugoma.

Bosi wake Mbelgiji alipokuwa akirudi kwao, alimwachia kalenda. Ilikuwa na picha ya kanisa dogo la mawe, katika mji wa kwao wenye chemchemi, ambako wagonjwa huenda kunywa maji. Alisema watu huingia mji ule na fimbo, wakatoka bila fimbo. Mama hakuhitaji kusikia zaidi. Aliitundika kando ya Bikira Maria, chini yake akaweka kikombe cha maji ya bomba.

Kila jioni tuliacha mpira wetu wa matambara, tukapiga magoti juu ya sementi, rozari nzima, huku samaki wa ziwa la Mwadingusha wakinukia jikoni na kupoa. Kisha baba alikunywa kikombe chake. Watoto wa leo ukiwaambia wapige magoti, wanauliza kwanza mto uko wapi.

Goti la kushoto likapona. La kulia likabaki vilevile.

Siku moja padri wa parokia alitutembelea, akaiona kalenda. Mji ule aliwahi kuupita.

"Mama, hii si kanisa yetu," akasema kwa upole. "Ni ya ba-Anglais. Ba-Anglicans."

Niliogopa sana, niliona mizigo tayari mlangoni. Mama akaitazama picha, kisha magoti ya mumewe.

"Ah, mon père," akajibu, "njo maana iliponesha goti moja tu."

Kalenda haikushuka. Baba alipanda ngazi zile kiubavu, goti zima mbele, mpaka pensheni, nasi tukamaliza shule.

Jina la mji sijalisahau. Juzi mjukuu wangu alilitafuta kanisa lile kwenye simu, akalipata kabla sijamaliza kueleza. Siku hizi ni ukumbi wa muziki, akasema, hawasali tena. Sisi tulilitazama miaka mingi. Yeye alilitazama mara moja, akataka kuendelea na mambo yake. Nikamkumbuka baba. Magoti yangu nayo yameanza.

"Usizime kwanza, weye mutoto," nikamwambia. "Uniletee kikombe ya mayi."