Kamba ya Makopo

Siku zile asubuhi ilianza kwa matusi, na matusi yenyewe yalikuwa matamu.

Asubuhi moja nilikuwa juu ya dungu, naamia ndege. Asiyelijua bonde la Rufiji nimweleze kidogo: mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wa kweleakwelea hushuka makundi kwa makundi, na kaya nzima huhamia shambani. Tunapika na kulala juu ya vibanda vya miti vilivyosimama kwenye nguzo ndefu, na kutoka juu huko mtu anaona shamba lake na la jirani. Kwenye dungu langu ilifungwa kamba iliyozunguka shamba lote, imetundikwa makopo ya mafuta ya kupikia yenye mawe ndani. Ukiivuta, makopo yanapiga kelele na ndege wanaruka.

Masunga akapita chini na ng'ombe wao, anawapeleka mtoni kunywa.

"We mtani!" akaniita. "Leo umekula ndege wangapi?"

"Wengi kuliko siku ulizooga tangu uzaliwe!"

Akacheka hadi fimbo ikamdondoka. Watu wa kwao, wafugaji waliotoka bara, ni watani zetu tangu enzi za mababu zao kuja pwani na mizigo kichwani. Mtani hukutukana mchana kweupe na wewe huna ruhusa ya kununa. Kwenye msiba ndiye anayekuja kukuchekesha wakati wenzako wote wanalia. Mama yake Masunga ndiye alikuwa hodari kuliko wote. Mama yangu alipofariki, alijifunga kanga za marehemu na kumwigiza anavyokuna nazi huku akigombana na kuku, na mimi, mfiwa, nikacheka mpaka nikaona aibu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru. Duka la ushirika Mohoro lilikuwa limefungwa, popo wamehamia ndani, na malori ya wafanyabiashara wa Dar yalikuja kununua mpunga shambani kabla haujakauka vizuri. Kila mtu akataka shamba kubwa. Kaka yangu Shamte, mkubwa wangu na rafiki yangu wa pekee, akaongeza lake upande wa mtoni. Msimu uliofuata akaongeza tena, na safari hii akalima juu ya njia ya ng'ombe.

Nilimwambia, "Kaka, watapita wapi?"

"Bonde ni kubwa," akanijibu. "Watazunguka."

Kuzunguka kulikuwa mwendo wa nusu siku, jua kali, ndama wadogo. Sikusema zaidi. Mpunga wa Shamte nasi tulikuwa tunaula.

Wakazunguka wiki mbili. Kisha mpunga wa mtu ukakanyagwa. Kisha ng'ombe mmoja akaonekana amekatwa mshipa wa mguu, anajikokota. Kila upande ukaapa si wao. Lakini mimi nilijua mambo yameharibika kwa jambo dogo zaidi: Masunga alipita mbali na dungu langu, nikamtupia tusi zuri nililoliandaa tangu asubuhi, naye akanitazama tu, akaenda zake.

Tangu siku ile sikukaa nikatulia. Nilipanda dungu, nikashuka, nikapanda tena. Chakula nilikuwa nakila nimesimama.

Sasa nieleze habari ya kamba. Ukivuta kidogo kidogo na kupumzika, ni ndege, hakuna anayeshughulika nawe. Ukivuta mfululizo bila kuachia, ni nguruwe au kiboko, na wanaume wa madungu yote wanakuja na mikuki. Ishara ni hizo mbili tu. Ya ng'ombe hatukuwa nayo. Ya nini, na ng'ombe walikuwa na njia yao?

Ilikuwa saa sita mchana. Nikaona mpunga wa Shamte unatikisika. Ng'ombe saba au wanane walikuwa wameingia kutoka upande wa mtoni, wanakula. Nyuma yao alikuwa Masunga, anakimbia.

Nikashika kamba.

Nikaivuta mfululizo.

Wanaume wakaja. Mpunga ulikuwa unafika kifuani, na aliyeinama hakuonekana. Mimi peke yangu, kwa kuwa nilikuwa juu, niliona yote. Masunga alikuwa amewapita ng'ombe na kugeuka, anawapiga kwa fimbo, anawarudisha mtoni. Alikuwa ameinama kwa sababu alikuwa anamsukuma ndama.

Nikapiga kelele, "Ni mtu! Ni mtu!"

Makopo yalikuwa bado yanalia.

Shamte alirusha mkuki pale palipotikisika.

Sitaandika zaidi ya hapo. Nilipofika Masunga alikuwa amekwisha kufa, na Shamte amekaa chini, anatazama mikono yake. Wenzake wakaanza kusema. Mmoja akasema kijana alikuwa na mkuki. Wa pili akasema aliwaingiza ng'ombe kusudi. Wa tatu akasema ameona kwa macho yake. Mpaka wanafika kijijini hadithi ilikuwa imekamilika, na Shamte ameiamini. Mimi nikanyamaza. Alikuwa kaka yangu.

Watu wa kwao Masunga wakaja alfajiri ya siku ya tatu.

Madungu ya nyasi hayahitaji kiberiti cha pili. Tulikimbia ndani ya maji ya mfereji, nguo kichwani, watoto mgongoni. Mishale haina sauti. Unamwona tu mwenzako amekaa kitako.

Baba alirudi kuchukua redio yake.

Aliinunua msimu ule kwa mpunga wake, redio ya kwanza maishani mwake. Tukamwita. Akatuonyesha mkono, kwamba nakuja. Tulimkuta jioni amekufa kando ya ngazi ya dungu lake, ambalo moto haukulifikia, redio haina hata mkwaruzo. Mpaka leo nina hasira na ile redio.

Vita ile iliendelea mpaka mvua. Vijana wetu walikwenda wakachoma maboma yao, wao wakarudi wakachoma ghala. Sisi wanawake tulilala darasani Mohoro, chini ya ubao ulioandikwa hesabu za darasa la nne, na mpunga ukaozea bondeni ndege wakishiba bila wa kuwaamia.

Kisha amani ikaja mara ya kwanza. Ilikuja na gari, kipaza sauti na bwana mkubwa kutoka serikalini. Tukapanga mistari miwili, wanaume wakapeana mikono mbele ya askari, karatasi ikasomwa. Ilisema kijana mmoja alivamia shamba akiwa na silaha, na yaliyofuata yalikuwa ya kusikitisha kwa pande zote. Tukapiga makofi. Nilimwona Mama Masunga ng'ambo ya pili. Hakupiga makofi. Mwezi haukuisha, watu wakauana tena njia ya kisimani.

Niliwasikia wazee wetu wakilalamika: hawa watu wa bara hawana ahadi, wamesaini na wamevunja. Nikasema moyoni, wamesaini nini? Wamesaini uongo wetu. Nani anaweza kukalia mkeka ambao chini yake kuna miiba?

Kikao cha pili hakikuwa na gari. Kiliitwa kwa sababu pande zote zilikuwa na njaa. Yalisemwa mengi kuhusu mipaka na malisho, hadi Mama Masunga akainuka. Alikuwa amekonda, kanga inamzunguka mara mbili.

"Mimi nina swali moja," alisema. "Nikijibiwa, nitawashika vijana wangu. Mwanangu alikuwa anawaingiza ng'ombe, au alikuwa anawatoa?"

Wanaume wetu wakatazama chini. Kwa kweli hawakujua. Shamte alikuwa amekaa mbele yangu, naona kisogo chake na kovu la utotoni, pale alipoanguka kutoka mtini akinichumia mabungo.

Nikasimama. Nilimshika jirani begani.

"Alikuwa anawatoa," nikasema. "Alikuwa na fimbo tu. Mimi niliona kutoka juu. Kamba niliivuta mimi, nikavuta ya nguruwe."

Shamte hakugeuka.

Mama Masunga akaketi. Kisha upande wao akainuka mzee mmoja mwenye jicho bovu, akasema, bila kuulizwa, "Yule mwenye redio, mshale ulikuwa wa mdogo wangu. Aliona anakimbilia kitu, akadhani ni bunduki." Mwingine akataja ghala. Wetu mmoja akakiri yule ng'ombe aliyekatwa mshipa. Ikawa mtu akisema la kwake, wa ng'ambo anasema la kwake, hadi jua likageuka. Wengine walilia. Wengine waliondoka kwa hasira, wakarudi.

Njia ya ng'ombe ilifunguliwa palepale ilipokuwa, katikati ya shamba la Shamte, tukapanda minazi pande zote mbili ili asije mtu akasahau. Minazi ile leo inazaa. Tangu siku ile hakuna aliyekufa bondeni kwa ajili ya ng'ombe wala mpunga. Wakinijia watu na maswali yao ya amani inaletwaje, huwajibu hivi: kila mmoja ataje la kwake, asianze na la mwenzake. Wanaandika, wanaondoka. Hawaniulizi ilinigharimu nini.

Shamte alishitakiwa kwa maneno yangu, akafungwa. Alipotoka hakurudi bondeni, alihamia Kibiti akafungua kibanda cha kushona mitumba. Nilikwenda kila Idi na bakuli la wali. Mkewe alinipokea. Kaka yangu alitoka kwa mlango wa uani. Miaka kumi na nne.

Alipofariki nilikuwa wa kwanza kufika. Wanaume walipoinua jeneza kulitoa nje, Mama Masunga alikuwa amesimama mlangoni, mzee sana sasa, mikono ameitanua. Kila mtu alimjua ni nani, na alijua marehemu alimfanya nini.

"Hapiti!" alisema. "Huyu alitufungia njia ya ng'ombe. Na mimi namfungia yake. Azunguke!"

Kwanza hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha kikongwe mmoja nyuma yangu akacheka, na kicheko kikaenea uani kote, nami nikacheka machozi yakinitoka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Masunga afe mtani kututukana kwenye msiba. Akasogea pembeni, wakapita.

Wanaume walikwenda makaburini. Sisi wanawake tukabaki, naye akaja kuketi nami mkekani.

"Alikusemesha kabla hajafa?" akaniuliza taratibu.

"Hakunisemesha."

Akanishika mkono, ule wa kamba.

"Hata wangu hanisemeshi," akasema.