Shangazi Aliyeng'oka na Magugu

Nina hasira, na asije mtu kuniambia nitulie. Shangazi Losaline amehama kisiwa chetu, na waliomhamisha ni watu wa kanisani, tena wakiimba.

Mimi, jirani yake, na yeye tumegonga magome ya miti yawe nguo kwenye gogo moja tangu tulipoolewa. Hakujaliwa mtoto, wala hakuwa na dada. Lakini kwetu Tonga, dada wa baba ndiye mkubwa wa ukoo. Kwenye harusi na misiba mkeka wa mbele ni wake, na watoto wa kaka zake hawamjibu. Yeye alikuwa nao wawili tu, wanaume wote: Semisi, mzee wa kanisa, na Penisoni, aliyefungwa Marekani kisha akarudishwa kwetu, shingo nzima michoro.

Basi akapotea nguruwe wa sherehe ya kanisa. Nani kamla? Penisoni! Aliyemwona ni nani? Hakuna. Jumapili Semisi akapanda mimbarini na mfano wa ngano na magugu.

"Adui kapanda magugu, na sisi tunayatazama tu? Yang'olewe! Meli ikija Ijumaa, Penisoni apande!"

"Malie! Malie!" kanisa zima likampongeza. Wendawazimu watupu!

Losaline akasimama. "Semisi, baba, mbona umeishia katikati? Waliotaka kung'oa ni watumishi. Mwenye shamba alisemaje?"

"Shangazi, usiniaibishe mbele za watu."

"Umejiaibisha mwenyewe. Alisema wayaache mpaka mavuno, wasije wakang'oa na ngano. Mizizi imeshikana. Kataki."

Kwetu neno hilo moja ndilo tafadhali, ndilo samahani, ndilo vumilia. Semisi, kichwa maji yule, akasikia samahani.

"Shangazi tumemsamehe," akatangaza, "ila uamuzi uko palepale."

Amsamehe yeye! Mtoto aliyebebwa mgongoni mwake! Loo, nilitaka kumrushia kitabu cha nyimbo.

Ijumaa kwaya ikateremka gatini kumsindikiza Penisoni, eti kwa upendo. Akapita na begi lake, kainamisha kichwa. Nyuma yake akaja Losaline, mkeka kwapani, nyundo yake ya kugongea magome mkononi. Nyimbo zikakatika.

Semisi akamkimbilia. "Shangazi, unakwenda wapi? Wewe hujafukuzwa!"

"Najua."

"Binti yangu anaolewa mwezi ujao! Mbele atakaa nani?"

"Ungeuliza kabla hujang'oa." Akamshika shavu kama zamani. "Kataki, mwanangu."

Akapanda. Safari hii hakuna aliyejua kasema lipi kati ya yale matatu.

Harusi ikafika. Wakatandika mkeka wa mbele, ukabaki mtupu. Semisi akanijia mbio, jasho linamtoka.

"Mama, nisitiri. Kaa wewe."

"Mimi ni dada wa baba yako?"

"Watu wanatazama, mama!"

"Watazame. Si ulipenda wakutazame ulipokuwa mimbarini?"

Nguruwe yule wa kanisa hajulikani kaliwa na nani mpaka leo. Ila siku hiyo nguruwe walikuwa tele. Semisi akapewa mgongo ulionona, fungu la shangazi, aupeleke mbele kama desturi. Akafika kwenye mkeka, akasimama nao mikononi, mafuta yanamchuruzikia kwenye shati la harusi.

"Niuweke wapi?" akauliza.