Salfa Niliyomsingizia Bi Mwanahawa

Mimi nafundisha kemia hapa Ruaruke, na tangu Jumatatu naona aibu hata kupita karibu na maabara. Ijumaa nilichemsha salfa mbele ya wanafunzi, nikaimimina kwenye maji baridi, ikawa laini, ya kahawia, inavutika kama mpira. Nikaifungia kabatini na ufunguo nikamwachia Bi Mwanahawa, mtunza maabara wetu.

Jumatatu nafungua kabati, nakuta kipande kigumu cha manjano, kinavunjika kama biskuti. Bi Mwanahawa ana mikorosho, na huu ndio msimu wa kuipulizia salfa ya unga. Sikujiuliza hata unga wa mikorosho umegeukaje kipande. Nikamwita mbele ya darasa zima.

"Mama, umeitupa yangu ukaniwekea ya shambani kwako?"

"Wallahi sijaigusa, mwanangu." Akageukia ubao. "Ijumaa uliniambia haya nisiyafute."

Akasoma mwandiko wangu, taratibu: "Salfa ya mpira haidumu. Ikikaa hurudi kuwa ngumu ya manjano, kama ndugu yake, elementi ya seleniamu nyekundu, inavyogeuka kijivu ikipata moto."

Akaniwekea ufunguo kiganjani, akatoka.