Jino la Mzee Isihaka na boti iliyozama Kigombe

Saa moja asubuhi, Jumanne. Kando ya Mto Pangani, hapa Mnyuzi wilayani Korogwe, Isihaka Sharifu anapiga magoti kwenye tope mbele ya pampu ya kumwagilia. Pampu inanguruma. Anatoa mfukoni kijiti cha mpingo chenye urefu wa shibiri moja, anaweka ncha moja juu ya chuma, nyingine anaiuma kwa magego ya kushoto. Anafumba macho.

"Jamani, mzee anatafuna pampu yangu!" anapiga kelele mwenye pampu, Ernesti, mkulima wa vitunguu ambaye ni Msambaa. "Wazigua siku hizi mnakula chuma?"

Isihaka anamaliza kusikiliza kwanza. Anatoa kijiti mdomoni, anakifuta kwa kanga kuukuu iliyofungwa kwenye mpini wa begi lake.

"Bora chuma kuliko ndizi zenu," anasema. "Beringi ya mbele imekwisha. Una wiki mbili. Ukitaka kubisha, bisha, lakini usinipigie simu siku ya kumi na tano."

Hiyo ni pampu ya nne tangu jana. Zimebaki saba. Anataka kuzimaliza zote kabla ya keshokutwa, Alhamisi, siku aliyopangiwa kung'olewa jino mjini Korogwe.

Isihaka ana miaka sabini na tatu. Sikio lake la kulia limekufa, la kushoto linasikia mtu akisema kwa nguvu, tena akiwa karibu. Mashine anazisikia kwa meno. Mtetemo unapanda kwenye kijiti, unaingia kwenye taya, na kichwani unageuka sauti. Shida ni kwamba amebaki na magego mawili tu yanayokutana, moja la juu na moja la chini. La juu limeoza. Usaha umeanza kuingia kwenye taya, na daktari amemwambia hakuna dawa nyingine.

"Daktari kaniambia atang'oa jino," anasema. "Hajui anang'oa sikio."

Amejaribu njia nyingine. Ameweka kijiti kwenye fizi, akaambulia maumivu. Ameweka kwenye paji la uso, akasikia kama watu wanaoongea nyumba ya pili. "Unajua kuna maneno, hujui ni maneno gani."

Kazi hii ndiyo inayomlisha. Kusikiliza pampu anatoza shilingi elfu tano, kutengeneza elfu ishirini na tano na kuendelea. Kiangazi kikiwa kizuri anapata laki mbili na nusu kwa mwezi. Mvua zikinyesha hapati kitu, na mkewe, Mwaija, anauza maandazi barabarani.

"Usiku analia jino, mchana analitetea," anasema Mwaija. "Nimemwekea karafuu mpaka mdomo wake unanukia pilau. Watu wa hospitali wameshasema. Sasa anasubiri nini?"

Kujua anachosubiri, inabidi kurudi nyuma miaka hamsini, kwenye jambo ambalo majirani wengi wa Isihaka hulichukulia kama hadithi ya mzee. Alikuwa fundi ndani ya boti za mashindano ya mwendo kasi baharini.

Alizaliwa Mazingara, Handeni, mwaka 1952. Aliacha shule darasa la nne, akafuata kibarua kwenye shamba la mkonge Korogwe. Aliwekwa kwenye korona, mashine inayochakata majani ya mkonge kuwa singa, yaani nyuzi. Msimamizi wa karakana alikuwa Mgiriki aliyeitwa Stavro, mtu mfupi, mwenye hasira za dakika mbili mbili. Ndiye aliyemfundisha kusikiliza korona kwa kijiti, kwa sababu kelele za pale hazikuruhusu masikio kufanya kazi.

Mwaka 1973 Stavro alisikia kwamba Tanga yameanza mashindano ya boti za injini. Boti zinatoka bandarini, zinakata maji kuelekea kusini, zinazunguka Kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani na kurudi. Akaamua kutengeneza boti yake, hukohuko shambani, mbali kabisa na maji ya chumvi.

"Tuliijenga chini ya bati la kukaushia singa," anakumbuka Isihaka. "Mbao na plaiwudi. Injini tuliing'oa kwenye lori la petroli lililokufa. Wakata mkonge wakipita wanatuuliza, 'Nuhu, mvua lini?'"

Boti iliitwa Singa. Ilikuwa ya watu wawili, dereva mbele na fundi nyuma, ubavuni mwa injini isiyo na kifuniko.

Siku hizo, anasema, hapakuwa na vifaa vya ziada. Kofia ngumu zilikuwa za pikipiki. Hakuna kiti. Unasimama umekunja magoti, kwa sababu ukikaa, wimbi moja linakuvunja mgongo. Walijaza magunia singa zilizochakaa, wakayatandika chini. Bomba la moshi lilitokea futi mbili kutoka kwenye sikio lake la kulia.

"Watu walikuja kuangalia kama wanaokuja kuangalia mazishi. Boti saba zinaondoka, wanahesabu zitarudi ngapi."

Yeye na Stavro hawakuweza kusikilizana, hivyo waliwekeana ishara. Isihaka alikuwa anauma kijiti muda wote na kusikiliza shafti inayozungusha propela. Akimpiga Stavro bega mara moja, maana yake punguza. Mara mbili, zima.

Mashindano yao ya kwanza yalikuwa Novemba 1974. Walifika Tanga siku moja kabla, alasiri, boti ikiwa juu ya trela la kubebea mkonge. Isihaka alikuwa na miaka ishirini na mbili na hajawahi kuona bahari. Waliishusha boti majini, Stavro akaenda kuandikisha majina, akamwachia kazi moja: aifunge kwenye gati.

Akaifunga kama watu wa mtoni wanavyofunga mtumbwi. Kamba fupi, imekaza, ili maji yasiuzungushe mtumbwi na kuupigisha kwenye mawe.

"Mto wetu unashuka kiangazi, tena polepole, mtu unauona," anasema. "Nani aliniambia kuna maji yanayoondoka mchana na kurudi jioni? Mimi niliyakuta yamejaa, nikajua ndivyo yalivyo."

Alipokwenda asubuhi, bahari ilikuwa imekupwa. Singa ilikuwa inaning'inia kwenye kamba, pua juu, mkia chini, uzito wote umelalia propela juu ya mwamba. Hapakuwa na mtu mwingine. Alisubiri maji yarudi, boti ikaelea. Akaizunguka, akatazama, hakuona ufa. Akafunga kamba upya, ndefu. Stavro alipokuja na kumuuliza kama yote ni salama, alijibu, "Salama, bwana."

Walianza vizuri. Walipouzunguka mchanga wa Maziwe walikuwa wa pili. Wakirudi, wakampita wa kwanza. Hapo ndipo Isihaka alipoisikia ndani ya meno: ko, ko, ko. Shafti ilikuwa imepinda na inagonga.

Kazi yake ilikuwa kumpiga Stavro bega.

"Nikawaza, nikimpiga ataniuliza kwa nini. Nitamwambia nini, kamba? Nikanyamaza. Nikasema labda itafika. Dakika kumi hivi. Sauti inakua, na mimi nimeuma kijiti, nimenyamaza."

Mbele ya kijiji cha Kigombe shafti ilichomoka na kuacha tundu. Singa ilikunywa maji na kuzama chini ya robo saa. Wavuvi waliwaokota wote wawili. Isihaka hakujua kuogelea, Stavro alimshika kola ya shati mpaka mtumbwi ulipofika.

Mgiriki hakuwahi kujua. Alijilaumu mwenyewe. Kila alipoulizwa alisema shafti aliikereza vibaya. Alijenga boti nyingine, wakashindana misimu minne zaidi, wakashika nafasi ya tatu mara moja, na sikio la Isihaka likaishia humo. Mwaka 1979 Stavro alirudi kwao. Miaka kadhaa baadaye ikaja barua shambani kwamba amefariki.

"Mtu alinishika kola baharini, na mimi nilimzamisha," anasema Isihaka. Hasemi kwa huzuni wala kwa kujionea huruma. Anasema kama anavyotaja hali ya beringi.

Tangu hapo ana sharti moja. Anachokisikia anakisema, hapohapo, hata mbele za watu. Limemkosesha wateja. Kuna mtu wa Mkumbara aliuziwa pampu mbovu na shemeji yake, Isihaka akaitangaza mbovu mbele ya shemeji mwenyewe, na watu hao hawaongei mpaka leo.

"Huyu mzee hana breki ya mdomo," anasema Ernesti. "Lakini pampu yangu ikisemwa nzima na yeye, mimi nalala."

Kufikia saa kumi jioni Isihaka amezunguka pampu kumi. Shavu la kushoto limevimba. Kila baada ya pampu mbili anatema mate yenye damu, anaendelea. Ya kumi na moja ni ya Mwantumu, mjane mwenye ekari mbili za nyanya zilizoanza kutoa maua. Nyanya zikikosa maji wiki hii, maua yanadondoka na msimu umekwisha. Pampu hii Isihaka aliifunga mwenyewe mwezi uliopita.

"Shikamoo baba," anasema Mwantumu.

"Marahaba. Washa."

Anauma kijiti. Anafumba macho. Safari hii anakaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Anahamisha ncha, anauma tena. Mkono wake wa kulia unanyanyuka kidogo, kama mtu anayetaka kumgusa mwenzake bega, kisha unarudi kwenye goti.

"Vipi baba, nzima?" anauliza Mwantumu. "Mbona mie naisikia iko sawa?"

Yuko sahihi. Aliyesimama pembeni haisikii hitilafu yoyote. Na baada ya jino kutoka, hata Isihaka hataisikia tena.

Anatoa kijiti.

"Zima," anasema. "Injini na pampu nilivifunga havitazamani, havikukaa mstari mmoja. Shafti imelika upande mmoja. Inagonga. Kosa ni langu."

Mwantumu anaitazama pampu, kisha shamba. "Sasa baba, ungenyamaza ningejua wapi?"

"Nilishanyamaza mara moja."

"Na nyanya zangu?"

"Mpaka Alhamisi utachota kwa pampu ya Ernesti, nitamwambia mwenyewe. Atanitukana kwanza, kisha atatoa. Alhamisi napeleka hii kwa mkereza vyuma Korogwe, kesho hafungui. Gharama yangu."

"Alhamisi si unang'oa jino?"

Isihaka anafungua bolti ya kwanza. Bolti ya pili imekaza, anaipiga kwa kiganja.

Mpango wake ni huu. Alhamisi atapanda basi na shafti. Ikiisha kukerezwa atarudi nayo na kuifunga jioni. Ijumaa asubuhi, maji yakitoka, atauma kijiti na kuisikiliza mpaka aridhike. Jino likishatoka ataanza kujifunza upya, kwa paji la uso, neno moja moja, kama alivyojifunza kwenye korona. Anaamini miezi sita itatosha, kiangazi kijacho atakuwa kazini.

Mwaija akipata habari atagomba, hilo analijua. Anamwomba Mwantumu maji ya uvuguvugu yenye chumvi, anasukutua upande wa kushoto, anatema pembeni mbali na miche.

"Jumatatu wang'oe," anasema, akiichomoa shafti na kuikagua kwa jua la jioni. "Hii naisikia kwanza."