Madoa ya Chumba cha Kufulia

Ylva Sandelin alikuwa mtu wa kusema mengi kwa vidole na machache kwa mdomo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti, na aliyoipenda kuliko zote ilikuwa yake mwenyewe, blogu ndogo isiyo na tangazo hata moja, ambamo kila Jumapili alimwaga yaliyomjaa moyoni kuhusu mitandao na jinsi inavyotuharibu. Wasomaji wake wote wangeenea kwenye basi moja na viti vikabaki, lakini walikuwa waaminifu. "Mashine haisamehi kwa sababu haisahau," aliandika mwanzoni mwa vuli, na wasomaji wakaipenda sentensi hiyo wakaisambaza. Mwenyewe aliipenda kuliko wote.

Ana kwa ana, Ylva huyo huyo hakuweza kumwambia mtu asogeze baiskeli yake. Kabla ya kutoka nyumbani alichungulia kwanza kwenye kitundu cha mlango, na akimwona mtu ngazini alisubiri mpaka apite. Msimcheke. Katika jengo lile la mjini Sundsvall, Uswidi, wote walifanya hivyo, na aliyetoka bila kuchungulia alionekana hakulelewa vizuri. Walikuwa watu wema, nawaapia. Theluji ikianguka walizoa hata ya mbele ya mlango wa jirani. Ila kumwambia mtu jambo usoni mwake, hilo lilikuwa kama kumvua nguo hadharani.

Kilichowakutanisha ni chumba cha kufulia kilichokuwa chini ya jengo. Hapo ndipo palipokuwa na moto. Mtu angeweza kukuchukulia mke, mkaja kusalimiana baadaye. Akikuchukulia zamu yako ya kufua, basi, undugu umekwisha. Zamani zamu zilipangwa kwenye ubao wa mbao, kila nyumba na kikufuli chake, unakichomeka kwenye siku yako. Aliyekosewa aliandika kikaratasi, akakibandika ukutani bila jina: "Mama yako hafanyi kazi hapa! Toa nyuzi za nguo zako kwenye mashine!" Chumba kile kilijaa unyevu, kwa hiyo baada ya siku chache gundi ililegea, kikaratasi kikaanguka, na hasira ikaondoka na ufagio.

Mwenyekiti wa chama cha wakazi, Lisbet Frisk, mama mchangamfu aliyekumbuka siku za kuzaliwa za watu wote, ndiye aliyemkamata Ylva kwenye masanduku ya barua.

"Ylva, fundi wetu! Ule ubao umezeeka jamani. Tuwekee kitu cha kwenye simu."

"Sawa."

"Na vile vikaratasi tuviingize humo humo. Wageni wakija vinanitia aibu."

"Vikae bila majina?"

"Bila majina, ndiyo. Watu wawe huru."

Ylva alitengeneza ukurasa ule kwa moyo wote, bila malipo, na ulikuwa mzuri. Unagusa siku, siku ni yako. Ungeishia hapo, mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Jumapili moja ya mvua aliufungua akaona malalamiko yamekaa ovyo, na mtu wa kazi yake hawezi kuona kitu kimekaa ovyo akalala. Akapanga kila lalamiko lichore kidoa cha kijivu kando ya jina la nyumba inayolalamikiwa. Halafu, kwa kuwa mkono ulishapata moto, akaongeza kwamba madoa yakifika kiasi fulani ukurasa wenyewe uipelekee kamati taarifa. Hakuna aliyemtuma. Kahawa yake haikuwahi hata kupoa. Aliegemea kiti akatazama kazi yake kwa raha ya mtu aliyefagia uwanja. Madoa hayakuwa na gundi, kwa hiyo hayakuanguka.

Ubao ukang'olewa. Tangazo la kuhamia kwenye ukurasa likawekwa kwenye ukurasa.

Ghorofa ya chini aliishi Holger Nyqvist, mzee aliyeendesha kreni bandarini mpaka alipostaafu. Alikuwa akifua Alhamisi asubuhi tangu enzi za mkewe, Maj. Maj alikufa, Alhamisi ikabaki. Simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Alipoukuta ukuta mtupu alidhani wameona ubao hauna haja tena, kila mtu si anaijua siku yake? Akaendelea kushuka na beseni lake kila Alhamisi, bila kujua kwamba Alhamisi sasa ilikuwa ya watu wengine, leo huyu, wiki ijayo yule.

Madoa yakaanza. "Alhamisi si mali ya mtu mmoja." "Wengine tuna kazi, hatuna siku nzima ya kuchezea maji." "Soksi ndani ya mashine TENA." Na ngazini waandishi wa maneno hayo walikutana na Holger, wakamsalimu kwa jina, naye akainua kofia. Hakuna uso uliobadilika. Ylva aliona madoa yakiongezeka na akaanza kuogopa, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekumbuka wazi yakifika wapi kitatokea nini. Malalamiko ya kutosha yalimpa mwenyekiti haki ya kuitisha mkutano, na mkutano, kwa kuwa nyumba zote zilikuwa za chama, uliweza kumtoa mtu nyumbani kwake. Holger hakuwa na nyumba nyingine.

Ilimpasa amwambie. Alhamisi moja ya Novemba akajikaza akashuka. Alimkuta mzee akikunja mashuka yenye maua madogo, ya zamani, ya Maj bila shaka.

"Wewe si ndiye binti wa kompyuta?" Holger aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Hebu niambie. Kuna mtu huzitoa nguo zangu mashineni zikiwa bado mbichi. Ananiwekea kwenye beseni, zimepangwa vizuri kabisa." Akacheka. "Siku hizi watu wema wamebaki wachache, lakini humu mwetu tunaye mmoja."

Ylva alijua zile nguo zilitolewa na mtu aliyekuwa akisaga meno. Akafungua mdomo. "Holger, kuna..."

"Eeh?"

"Kuna baridi leo."

"Novemba hiyo, mwanangu! Ungeniambia kuna joto ndiyo ningeshtuka."

Alipanda ngazi akijichukia. Jumapili ile aliandika makala kali kuliko zote, kuhusu watu wasiojuana wanaompiga mtu mmoja kwa maneno mtandaoni, kila mmoja na kijiwe chake kidogo, halafu kila mmoja akashangaa kumwona amelala chini. Ilisomwa kuliko yoyote aliyowahi kuandika. Lisbet naye aliacha maoni chini yake: "Kweli tupu! Watu wa mitandaoni hawana utu." Nyani haoni kundule. Ylva aliisoma sifa hiyo, akaifunga kompyuta.

Mwishowe akapata njia, na ilikuwa njia ambayo mtu wa jengo lile tu angeipata. Angemwandikia. Alikaa na maneno yale kuanzia kifungua kinywa mpaka chakula cha mchana, akipunguza hapa, akilainisha pale, asije akamwaibisha mzee wa watu: "Holger, ukihitaji msaada wa kufua, gonga kwangu tu. Nitafurahi." Akauweka ujumbe kwenye ukurasa wa chumba cha kufulia, penye jina la Holger. Kwamba Holger hakuwa na pa kuusoma, alijua. Alijiambia kuna mtu atauona amfikishie. Kila mtu katika jengo lile alikuwa akimsubiri huyo mtu mwingine.

Alibonyeza kitufe, akili yote ikiwa kwenye maneno. Ukurasa ukaliondoa jina lake, kama alivyoufundisha. Ukachora kidoa cha kijivu, kama alivyoufundisha. Haukujua tofauti ya laana na mkono ulionyooshwa, hakuwahi kuufundisha. Na kidoa hicho ndicho kilichojaza kipimo. Mbele ya macho yake likatokea neno dogo la kijani: taarifa imetumwa kwa kamati.

Akakifuta kidoa upesi, lakini taarifa ilishaondoka. Akampigia Lisbet, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ahamie pale.

"Ule wa mwisho haukuwa malalamiko," alisema. "Ulikuwa... mtu alitaka kumsaidia."

"Usijali, mpenzi," Lisbet akamjibu kwa sauti ya kumbembeleza. "Hatuangalii mmoja mmoja. Tunaangalia jumla. Ndiyo uzuri wa ukurasa wako, hakuna anayemwonea mtu."

Mkutano ulifanyika Jumapili ya tatu kabla ya Krismasi, kwenye ukumbi mdogo ulio ukuta kwa ukuta na chumba cha kufulia. Nyota za karatasi ziliwaka madirishani, nje giza lilishashuka na hata saa za chai hazijapita. Palikuwa na kahawa na mikate ya zafarani. Mashine moja ilikuwa ikizunguka upande wa pili, kwa kuwa hakuna ambaye angepoteza zamu yake kwa sababu ya mkutano. Holger alikuja na suti. Alikaa karibu na mlango, kofia magotini.

Lisbet alisoma malalamiko taratibu, bila ubaya, kama anayesoma hali ya hewa. Holger mwanzoni alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesikiliza habari za jirani mkorofi. Kisha akaelewa huyo jirani ni nani. Akaanza kuwatazama mmoja mmoja, akitafuta, na kila aliyemtazama alikuwa anakoroga kahawa.

"Lakini mnanisalimia," alisema. "Kila siku mnanisalimia. Mngeniambia tu."

Mashine ilizunguka. Lisbet akageuza karatasi.

"Na hili la mwisho linatuonyesha kwamba hata kufua hawezi tena peke yake. 'Holger, ukihitaji msaada wa kufua, gonga kwangu tu. Nitafurahi.' Kwa hiyo pengine ni kwa faida yake mwenyewe akienda mahali atakapoangaliwa."

"Ngoja," Holger akasema. "Hilo si baya. Nani ameandika hilo?"

Vijiko vikaendelea kuzunguka vikombeni.

"Simkasirikii. Nataka nimjue tu. Kasema nigonge. Nigonge wapi?"

"Ukurasa hauonyeshi majina, Holger," Lisbet alimwambia kwa upole. "Ulitengenezwa hivyo ili watu wawe huru." Na akamtikisia Ylva kichwa kwa shukrani.

Wote wakamgeukia Ylva. Mzee naye akamgeukia. Maneno yalikuwa mawili tu, ni mimi, na yalikuwa yameshafika kooni. Lakini akisema ni yeye, amesema pia kidoa kilichomfikisha mzee hapo ni chake, na madoa yote yaliyotangulia ni kazi ya mkono wake, na ayaseme hapo, kwa mdomo, mbele ya nyuso zote zile. Akakitazama kikombe.

"Je, mkutano unakubali tulipeleke jambo hili kwa wakili, ili nyumba ya chini irudi kwa chama?" Lisbet aliuliza.

Pale hawanyooshi mikono. Wanaokubali husema ndiyo, na anayenyamaza huhesabiwa pamoja nao. Sauti tatu nne zilisema ndiyo. Lisbet akagonga meza kwa kijiko, mara moja, si kwa nguvu.

Holger aliinuka. Alivaa kofia, akaivua tena kwa kuwa alikuwa bado ndani, akasimama pale mlangoni akitafuta la kusema. Alikuwa mtu mwenye adabu zake, na adabu ndiyo iliyomjia.

"Asanteni kwa kahawa," alisema.

"Karibu, Holger," wakamjibu wote kwa pamoja, na Ylva akajibu nao, na siku ile nzima mkutanoni hakusikika akisema neno jingine.