Kusubiri Neno la Emmett

Nusu ya wanawake wa mji ule wa Pennsylvania walikatwa nywele na Marlys Dombrowski, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya baba yake, na mdomo wake haukupoa. Alijua nani kaachwa, nani kapasuliwa goti, nani kalewa Ijumaa kwenye karamu ya samaki ya kanisani. Mumewe alishakwenda zake Texas, na hilo lilikuwa jeraha kavu. Jeraha bichi lilikuwa mwanawe wa pekee, Emmett, aliyekaribia miaka mitatu bila kutamka hata "mama".

Kila Alhamisi alikuja Corinne Batiste, mtaalamu wa usemi wa watoto. Alivua viatu vyenye theluji mlangoni na kukaa kwenye zulia. Hakubeba midoli, alitumia vya humo ndani, soksi, vijiko, hata mbwa.

"Nikiondoka na midoli yangu, wewe unabaki na nini?" alisema. "Mimi ni wa saa moja tu, Marlys. Wiki nzima ni yako."

Alimfundisha kusubiri: shika anachokitaka, mtazame, nyamaza kidogo, mpe nafasi ya kuomba.

Lakini sheria ilikuwa ngumu kuliko barafu ya ziwani. Siku mtoto anapotimiza miaka mitatu, ziara za nyumbani zinakoma na mtoto anakabidhiwa kwa shule. Aliyeitunga hakuwahi kukaa sakafuni akingoja neno. Siku hiyo ilivyosogea ndivyo Marlys alivyoongeza kusubiri. Emmett alipomvuta mkono hadi kwenye friji, aliushikilia mlango akasimama.

"Sema juisi. Sema mama, juisi."

Mtoto akajitupa chini akilia. Marlys naye akalia, na hakufungua.

"Mpe mtoto juisi, wewe," alisema Casimir, baba yake. "Hata mbwa hatumfanyii hivyo."

"Baba, wewe ndiye unayemharibu. Akikohoa tu umeshammiminia."

"Wewe ulianza kusema ukiwa na miezi tisa na hujanyamaza mpaka leo. Umepata faida gani?"

Marlys alicheka bila kupenda, kisha akamkataza kabisa kumpa mjukuu wake kitu ambacho hakukiomba kwa mdomo. Mzee akawa anampa kwa kificho.

Corinne alipouliza zoezi linaendaje, Marlys alijibu kwamba wanajitahidi. Corinne aliridhika. Kati ya wazazi wote aliowatembelea, huyu ndiye asiyekosa.

Alhamisi ya mwisho Emmett alishikwa na kiu. Alimpita mama yake kama anayepita kiti, akamkamata Corinne mkono wa sweta na kumvuta kuelekea jikoni. Corinne hakuinuka.

"Hivi akikuvuta wewe namna hii, huwa unafanyaje?"

"Nasubiri aseme."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aseme."

Corinne alimtazama mtoto, kisha mama. "Marlys, huko kuvuta ndiko kusema kwake kwa sasa. Ungempa palepale, na neno ulitaje wewe."

"Lakini uliniambia nisubiri."

"Nilikuambia. Halafu nikawa nakuuliza tu, sikukaa nikuone ukifanya. Hilo kosa ni langu, dada."

Marlys aliketi juu ya zulia. "Kwa hiyo alikuwa ananiambia. Siku zote hizi alikuwa ananiambia, na mimi namnyima."

Corinne hakukataa. "Bado ni mdogo. Atarudi kwako."

"Basi njoo wiki ijayo uniangalie. Nitafanya vizuri."

"Jumatatu anatimiza mitatu. Sina ruhusa tena."

Gari lake lilipoondoka, Marlys alijaza kikombe, akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Juisi," alisema taratibu, akamnyooshea.

Emmett alirudi nyuma mpaka ukutani. Alikitaka, macho yake yalikuwa kwenye kikombe, lakini mkono uliokishika aliuogopa. Marlys akakiweka sakafuni, akasogea mbali, akasimama mlangoni. Mtoto alimwangalia kwanza, kuhakikisha harudi. Ndipo akanywa.

Alipomaliza, alikipeleka kikombe kitupu sebuleni, kwa babu yake, amwongezee.